Mdomo wa Hina

Jumamosi nilikwenda Wattaya, mtaa wa maduka ya magari, na binti yangu kutazama gari, nikashindwa kukaa kitini. Muuzaji katuletea kahawa na halua, miye nazunguka tu baina ya magari, macho sakafuni. Binti akaudhika. "Mama, umeangusha nini?" Nitamwambiaje kwamba hapa palikuwa na bwawa?

Bwawa lilikuwa ndani ya bustani ya tajiri mmoja, na babu yangu ndiye mtunzaji. Bata maji, wale wa shingo ndefu, walikuwa wa namna mbili, weupe na weusi, na tajiri hakutaka wachanganyike. Wakachanganyika, wee! Akatoka kifaranga mmoja chotara, nikampenda mno. Kila alasiri nikimpelekea mchicha, naye akinipokea kwa kelele.

Siku moja tukasikia mtaalamu anakuja kuwakagua, chotara ataondoshwa. Roho ikaniruka. Babu alikwisha kunifundisha dalili. Ukijivu si hoja, hata watoto wa weupe huanza hivyo. Tazama mdomo: wa weusi ni mwekundu, una mstari mweupe karibu na ncha; wa weupe hauna. Na wangu alikuwa nao mstari huo, mwembamba.

Nikaiba hina ya bibi, aliyoikoroga kwa ajili ya Idi. Nikampaka bata mstari ule, nikamkumbatia mpaka ikakolea. Bibi aliona vidole vyangu vyekundu, akaelewa, wala hakunigombeza. "Kesho ukae ndani," akasema. "Nnakujua miye, hutulii."

Ningekaaje ndani? Nilijificha nyuma ya mkunazi. Mtaalamu akasimama ukingoni na darubini, akatazama mdomo, akatazama shingo, akaandika. Babu jasho linamtoka. "Huyu ni mtoto wa weupe," akasema mtaalamu, akafunga daftari.

Nikaruka kwa furaha. Bata wangu akaniona. Akaja mbio juu ya maji akiniita kwa sauti ile kama tarumbeta, mara tatu. Weupe hawaiti hivyo. Wao hufoka tu. Mtaalamu akafungua daftari tena.

Walimchukua kesho yake. Skuli nako nasi watoto tuliotoka ng'ambo tulikuwa tukijulikana hivyo hivyo kwa lafudhi, tukifungua kinywa tu, lakini sisi hatukuondoshwa. Babu hayupo, bibi hayupo, bwawa limefukiwa, na miye bado situlii. Laiti ningelimsikiliza bibi!

Muuzaji akabonyeza honi kumwonesha binti yangu. Nikageuka upesi, mkono umeshanyooka, kama nina mchicha.