Siku Niliyomvua Sajini Kofia

Mimi niliwahi kumvua kofia sajini wa polisi, asubuhi, kituoni kwake, mbele ya askari wake, enzi za Mwingereza. Sikufungwa. Wajukuu zangu wakisikia wanashika mbavu, halafu wanauliza, "Bibi, ulikuwa umelewa?" Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na mtoto aliyevunjwa mkono na mume aliyekwisha kuamua. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwandiko wangu unatambaa kama jongoo, lakini hii naiandika mwenyewe. Wakiiandika wao watanitia upole ambao sikuwa nao.

Nimezaliwa Kang'ata, upande wa Handeni, Mzigua kwa baba na mama. Nikaolewa na Mzigua mwenzangu aliyefanya kazi shamba la mkonge upande wa Korogwe, kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani. Tulikaa kambini huko, huyu jirani Mbena, yule Mnyamwezi, yule Msambaa kashuka Dindira na mboga zake. Watoto wetu walizungumza Kiswahili tu. Kizigua walikisikia nikigomba, kwa hiyo walikijua vizuri.

Mimi shule nilikaa miezi michache kwa wamisheni, nikatolewa nikalinde mahindi. Nyani walinifaidi, kalamu haikunifaidi. Ndiyo maana binti yangu wa kwanza nilimpeleka shule mwenyewe, kwa mkono wangu. Baba yake hakukataa wala hakukubali. Aliguna. Darasani mwao wasichana walikuwa watatu, na wavulana wengine walishaanza kuota ndevu, maana siku hizo mtu alianza shule akiwa na umri anaoutaka.

Basi alifika darasa la nne. Siku moja akarudi kabla ya wakati, mkono wa kulia kaufunga kwa kipande cha kanga, uso umemchujuka. Nikamwuliza nini, akasema, "Mama, usipige kelele kwanza."

Nikapiga kelele kwanza, halafu nikasikiliza. Walikuwa shamba la shule wanalima matuta ya mihogo. Kiranja wa shamba, kijana wa Kinyamwezi, mrefu kama nguzo ya simu, akawaamuru wasichana wammalizie tuta lake. Binti yangu akamjibu mbele ya wote, "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani, wewe jembe moja limekushinda?" Shamba zima likacheka. Kijana akamchapa na mpini wa jembe, mkono ukalia.

Ulimi ule kautoa wapi, sijui.

Dresa, mfunga vidonda wa shamba la mkonge, akamfunga vibao viwili na bendeji, akasema mfupa umevunjika lakini utaunga. Jioni baba yake akarudi ananuka mkonge, akautazama ule mkono muda mrefu.

"Basi," akasema. "Ukipona anakwenda Kang'ata kwa mama yako. Shule imetosha."

"Kapigwa yeye, na adhabu apewe yeye?"

"Sasa nimpeleke kwa nani? Mwalimu mkuu atamsikiliza kiranja wake. Polisi watamsikiliza mwalimu mkuu. Sisi atusikilize nani?"

"Watanisikiliza mimi."

"Wewe wanakusikia mpaka Segera. Kusikilizwa ni habari nyingine."

Nilitaka kukasirika nikacheka. Nikamwambia, haya, tupatane. Mwalimu na polisi wakilitupa shauri hili, nitamfungia binti yangu vitu vyake mwenyewe na kumpeleka Kang'ata nisiseme neno. Wakilishika, arudi darasani. Mume wangu akaguna. Miguno yake nilikuwa nimeshaijua yote, ule ulikuwa wa ndiyo.

Kesho yake nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mtu safi, kaptula imepigwa pasi unaweza kukatia mkate. Akanipa kiti. Akasema amekwisha kuchunguza.

"Mama, watoto hawa ni watani. Binti yako alianza utani, mwenzake akajibu. Na shauri la watani, unajua mwenyewe, halipelekwi popote."

Niseme kidogo kwa vijana wasiojua. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ilipokuwa inapita kwetu. Mnyamwezi akifiwa, mimi naweza kwenda kulala ndani ya kaburi lililochimbwa, sitoki mpaka nipewe kuku. Yeye akiona kanga yangu nzuri kwenye kamba anaichukua anavaa, na mimi nacheka. Tunatukanana matusi ambayo mtu mwingine angeitiwa wazee. Hakuna kununa, hakuna kushtakiana. Mwalimu hakusema uongo kuhusu utani. Aliusema mahali pasipo pake.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwanangu alianza kwa mdomo. Tangu lini mdomo unajibiwa kwa mpini?"

"Nimemkanya."

"Umemkanya kwa nini?"

"Kwa maneno."

"Mtoto akikosea hesabu unamchapa fimbo. Akivunja mtu mkono unampa maneno?"

Akakohoa. Akasema nifikirie jina la shule kabla sijaenda popote. Nikamwambia jina la shule halina vibao wala bendeji, nikaondoka. Njiani nilitembea kwa kishindo. Nusu ya utabiri wa mume wangu ilikuwa imetimia.

Asubuhi iliyofuata tukaenda polisi. Kituo sikitaji, waliopo leo hata mama zao walikuwa hawajazaliwa. Mume wangu alikuja kwa sababu baiskeli ilikuwa yake na mtoto alikuwa anakaa nyuma. Tulipofika akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Sajini alikuwa mnene, mcheshi, vifungo vinang'aa, na kichwani tarbushi lenye kishada cheusi kinachocheza akigeuka. Akanisikiliza huku anazungusha penseli vidoleni. Hakuandika hata nukta. Nilipomaliza akauliza, "Mama ni kabila gani?"

"Mzigua."

"Na kijana?"

"Mnyamwezi."

Uso wake ukafunguka kama mlango. "Aa! Ungesema mapema nisingechosha masikio. Hawa watani hawa! Mimi mwenyewe Mnyamwezi wa Tabora, mtani wako kabisa. Nenda nyumbani, Mzigua, kasonge bada yenu ya muhogo. Nyinyi njaa ikiingia si mnatafuna hata ngozi za kulalia?"

Askari wawili waliokuwapo wakacheka. Siku nyingine na mimi ningecheka na kumrudishia mara mbili. Lakini nikasikia mume wangu ananiita kutoka mlangoni, taratibu, kama kusema twende. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anatazama sakafu. Mawazoni nikauona mzigo wake umefungwa, nikamwona amekaa kwenye dungu la shambani anafukuza nyani wale wale walionifaidi mimi.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikalishika lile tarbushi kwa kishada, nikalivua kichwani kwake, nikalivaa juu ya kilemba changu. Halafu nikaenda nikakaa kwenye benchi, nikapanga miguu.

"Asante kwa zawadi, mtani. Limenikaa?"

Askari mmoja akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Sajini naye akacheka. "Ona Mzigua mwizi huyu! Haya, lete."

"Nilete nini? Kitu alichochukua mtani kinarudi?"

"Lete bwana. Leo Bwana Mkubwa anakuja kukagua kituo."

"Mwambie mtani wako kalichukua. Mzungu atafurahi kujua mila."

"Mama, hiyo ni mali ya Serikali."

"Kumbe. Na mkono wa mwanangu ni mali ya nani?"

Kicheko kikamwisha. Kichwa chake bila tarbushi kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na upara katikati. Akasema, "Nitakuweka ndani."

"Niweke. Lakini hutaniweka bila kuandika. Utaandika kwamba Mzigua kamwibia mtani wake kofia. Ukishaandika, umekubali kwamba shauri la watani linaandikwa. Basi kabla wino haujakauka, andika na la mtoto. Au yote mawili ni utani, na mimi nakwenda nalo Kang'ata, nikapalilie mahindi nimelivaa."

Hapo mlangoni nikasikia mume wangu anasema, polepole, "Yesu na Mariamu," na yeye ni Mwislamu.

Sajini akasimama amefungua mikono, hajui aniguse wapi. Mimi moyo ulikuwa unanipiga mpaka kishada kinatingishika, lakini nilikaa. Mara tumbo lake likaanza kucheka kabla ya mdomo. Akacheka, akafuta macho, akavuta kiti, akafungua kitabu kikubwa.

"Wapagazi sisi," akasema, "tumebeba mizigo yote ya dunia, lakini mzigo kama wewe, hapana. Haya, sema."

"Aseme aliyevunjwa."

Binti yangu akasema. Alianza kwa sauti ya kunong'ona, akaendelea, mwisho anasema kama anayejibu maswali darasani: tuta lipi, mpini upi, nani alisimama wapi. Sajini akaandika ukurasa mzima. Kisha akanisogezea kidau cha wino. "Mama, weka dole gumba hapa."

"Sijui umeandika nini."

"Niliyoambiwa."

"Huenda. Binti, soma."

Akakiegemea kile kitabu, akasoma kwa sauti, akifuata mistari kwa kidole cha mkono mzima. Mimi herufi zile za kulala kiubavu sikuzijua hata moja, na yeye alikuwa anazipita tu kama anaruka vijiti. Akafika mahali akasimama.

"Bwana Sajini, shikamoo. Hapa umeandika 'walipokuwa wakicheza.' Sikusema hivyo. Tulikuwa tunalima."

Sajini akainama, akatazama. Sidhani alifanya kwa ubaya. Watu wazima wakisikia watoto wawili, kalamu inaandika mchezo yenyewe. Akakata, akaandika juu yake, akatia sahihi pembeni.

Ndipo mume wangu akaingia. Akaja mpaka mezani, kofia yake ya kazini kaibana kwapani, akamwambia mtoto, "Soma tena. Toka juu."

Nilidhani ana shaka na maandishi. Nikamtazama vizuri, hakuwa anatazama kitabu. Alikuwa anautazama mdomo wa mtoto.

Nikaweka dole gumba, nikasimama, nikamvika sajini tarbushi lake mwenyewe, kishada nikakilaza upande unaompendeza. Akasema nikifa atakuja kuchukua hata kitanda changu. Nikamwambia atangulie yeye, nikalale kaburini mwake.

Kesho yake sajini alifika shuleni kwa baiskeli. Aliwauliza wasichana wale wengine wawili, mmoja mmoja, na baadhi ya wavulana, halafu akamwita kijana. Kijana alikana maneno matatu, la nne akalia. Kwa kweli nilimhurumia. Urefu wote ule, machozi yalikuwa na safari ndefu ya kufika chini, na mama yake alikuwa mwenzangu tu wa kambini. Sikutaka afungwe. Nilitaka iandikwe. Sajini akamwambia mbele ya baba yake kwamba jina lake limo kitabuni, na akirudia halitakuwa jina tu. Ukiranja akavuliwa. Akapewa kulima tuta la binti yangu pamoja na lake mpaka mkono upone, na baba yake alikuja nyumbani kwetu kuomba radhi, akatukanwa kiutani ipasavyo, akala na kunywa.

Mwalimu mkuu akaniambia, "Mama, si ungerudi kwangu kwanza tukazungumza?"

"Nilikuja, mwalimu. Kiti ulinipa, asante."

Lakini haki yake nampa. Siku ya pili alisimama mbele ya shule nzima, akasema alikiita utani kitu kisicho utani, na kwamba kuanzia siku ile mtoto akiumizwa, yeye mwalimu ataandika mwenyewe kabla mzazi hajafika. Wangapi wanaweza kusimama mbele ya watoto wakasema hivyo? Wajukuu zangu wananiuliza kama niliwaamini tena walimu na polisi. Niliwaamini. Ila nilikuwa napita mara kwa mara kuwasalimu.

Yote hayo yakapita, na mume wangu hakusema neno. Tulipatana, lakini mtu anaweza kusahau mapatano akitaka, hasa aliyekubali kwa kuguna. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Sikuuliza. Kwangu mimi kutouliza ni kazi ngumu kuliko kukata mkonge.

Jumatatu alfajiri nikamkuta nje anatia upepo kwenye gurudumu la baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Kwani shule si leo?"

Nikajifanya mjinga. "Na mkono haujapona."

"Ebo! Anasoma kwa mkono? Si anasoma kwa macho?"

Akampakia, wakaenda. Korona ilipiga king'ora cha kuanza kazi, hajarudi. Kikapita kitambo, hajarudi. Nikaanza kufunga kanga vizuri nikawatafute, ndipo nikamwona anakuja anasukuma baiskeli, hana haraka, mtu ambaye mnyapara wake alikuwa anamsubiri kwa matusi.

"Kuna nini tena?" nikauliza.

"Hakuna kitu. Nilisimama dirishani nimsikie kidogo. Mwalimu akaniona, akaniambia nisisimame juani, niingie."

"Ukaingia?"

"Nikaingia, nikakaa nyuma kabisa, na wale wenye ndevu." Akaegemeza baiskeli ukutani, akaguna mguno ambao sikuwa nimewahi kuusikia. "Wamenipa na ubao wa kuandikia."