Maneno Manane ya Mama Funguo

Kwa miaka kumi na tisa alilinda dhahabu ya serikali katika chumba cha chini cha benki kuu, na wenzake wakamwita Mama Funguo. Kazi hiyo haikumnyima usingizi hata siku moja. Tofali moja la dhahabu lina uzito wa mtoto wa miaka miwili. Mwizi angelazimika kuja na lori na ukoo mzima.

Kisha serikali ikaamua kuweka sehemu ya akiba ya taifa katika sarafu za kidijitali. Bungeni walibishana wiki tatu, hawa wakisema nchi itaachwa nyuma, wale wakisema ni kamari. Mama Funguo hakuwa na upande mpaka Mkurugenzi wa benki alipomwita. Sarafu hizo, akamweleza, hufunguliwa kwa maneno ishirini na manne yaliyopangwa kwa mfuatano. Watunzaji watakuwa watatu, kila mmoja na maneno yake manane, yaliyochongwa kwenye kibati cha chuma na kufungiwa ndani ya kasha.

"Na kibati kikipotea?" aliuliza.

"Kisipotee," alisema Mkurugenzi. "Hakuna mtu wa kumpigia simu atufungulie."

Mama Funguo aliyachonga maneno yake mwenyewe, na kwa kuyachonga akayashika kichwani. Hofu ikaanzia hapo. Akawa anabadilisha njia ya kwenda kazini. Alimkataza mumewe kumwita Mama Funguo mbele za watu. Kwa daktari wa meno alikataa dawa ya usingizi asije akaropoka, akang'olewa gego kwa ganzi tu huku ameng'ang'ania kiti.

"Mke wangu, hiyo ni kazi au ni ugonjwa?" mumewe aliuliza.

Alikwenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Mwezi wa saba, mtunzaji wa pili, mhasibu mpole aliyekaribia kustaafu, alianguka ofisini. Kiharusi. Kasha lake likafunguliwa mbele ya mashahidi. Lilikuwa tupu.

Mkurugenzi alilikagua mara ya pili. Mama Funguo hakumwaza mwizi, alijua kilichotokea, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewahi kutamani kukichukua kibati chake akakifiche mahali anapopaona.

Hospitalini, Mhasibu alimtambua. Mdomo ulimcheza upande mmoja, sauti haikutoka.

"Kaka, kibati kiko nyumbani? Fumba macho kama ndiyo."

Alifumba macho mara moja, akayafumbua. Machozi yakamtoka.

Mke wa Mhasibu alikuwa fundi cherehani. Nyumbani kwake, Mama Funguo na wenzake wa benki walipekua kabati, magodoro, mifuko ya makoti. Saa nzima ikapita, mke wa Mhasibu akizidi kuchanganyikiwa.

"Wifi yangu, niambie basi mnatafuta nini."

"Kibati. Kidogo, kina maandishi."

"Aa, kile?" Aliinama chini ya cherehani. "Meza ilikuwa inayumba. Nilikikuta nyuma ya kabati, nikakitia hapa."

Mama Funguo alikichomoa chini ya mguu wa meza, akakaa sakafuni nacho kifuani.

Kamati ya Bunge ilipomwita, alisema kwa ufupi. "Waheshimiwa, mimi sijui kama sarafu hizi zitapanda au zitashuka. Ninachojua ni kwamba akiba ya nchi ilikuwa inategemea kope za mgonjwa mmoja. Dhahabu haikuwahi kututegemea hivyo."

Serikali haikuziuza sarafu hizo. Ilizihamishia kwenye funguo mpya, zenye watunzaji saba na mitambo ambayo yeye haijui. Mhasibu alirudiwa na sauti kidogo. Mama Funguo akarudishwa kwenye dhahabu yake, na mumewe akadhani yamekwisha.

Hayajaisha. Maneno yake manane hayafungui kitu tena, na bado anayajua yote kwa mfuatano. Jana mtu asiyemfahamu alimsalimia sokoni kwa jina la Mama Funguo, akitabasamu. Alipita haraka, kikapu kikimgonga goti, akiwaza namna mtu anavyoweza kumshawishi mwenye kisu kwamba maneno anayoyataka yameshakufa.