Masale Tuliyoyapandia Maji

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watu wanne pale banioni. Mzee Ndewario, msimamizi wa mfereji, kaka mkubwa wa baba mkwe wangu. Elisaria, mtoto wa dada yake, fundi wa mawe. Kaanaeli, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, aliyetuletea uji akabaki kutazama. Na mimi, Ndeshukurwa, bado mke mgeni kwenye ukoo. Ninawataja mapema kwa sababu ninawahitaji, na mtaona kwa nini.

Vijana wa usharika mmeniomba niandike jinsi kazi ya mfereji ilivyokuwa kabla ya mabomba. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mtanivumilia. Tena siwezi kukaa sana. Mawingu yameushika mlima tangu asubuhi, na kila nikiandika kidogo nainuka kwenda kuangalia.

Banio ni pale unapoyakinga maji ya mto ili yaingie mferejini. La kwetu lilikuwa la mawe, vigogo vya migomba na mabonge ya udongo wenye majani. Kazi ya mlinzi wa banio ni kuziba panapovuja, kuzoa mchanga, na kuhakikisha kila shamba la kahawa huko chini linapata zamu yake. Haikuwa kazi ya wanawake. Nilichukuliwa kwa sababu shamba letu liligusana na banio, na mume wangu alikuwa ameajiriwa mbali. Mzee mmoja wa kamati akauliza, "Huyu akishika mimba, nani atazibua?" Mzee Ndewario akamjibu, "Wewe hujawahi kushika mimba, na mfereji umeziba tangu Jumapili." Wakacheka, nikapewa jembe.

Hatua chache chini ya banio palikuwa na mlango wa kumwaga. Ni mbao zilizosimamishwa ubavuni mwa mfereji. Maji yakizidi unazing'oa, maji yanatoka yanaingia kwenye korongo kavu lililo kando, yanateremka bila kugusa nyumba ya mtu. Mwaka mzima korongo lile lilikuwa majani tu, na watu walifunga mbuzi humo. Mgeni angeona ni ardhi iliyosahauliwa.

Masika moja, mchana, mvua ya mawe ilipukutisha kahawa changa mpaka chini pakawa kijani. Ilipopita ikafuata mvua ya kawaida, nzito. Nilikuwa banioni nikaona maji ya mto yanapungua. Nikafurahi. Nikamwambia Mzee Ndewario, "Afadhali, unatulia."

Akasimama akasikiliza. "Mama, mvua inanyesha na mto umenyamaza? Huo hautulii, unajaza. Udongo umeporomoka huko juu, umeuziba." Akamgeukia Elisaria. "Bomoa banio, mto upite njia yake. Wewe, mama, mlango."

Aliyejenga lile banio kwa mikono yake ni Elisaria, na sasa alilibomoa kama la adui. Mimi niling'oa mbao. Mzee akamwita Kaanaeli kwa sauti awatoe mbuzi korongoni, naye hakuuliza, alikata kamba kwa panga akawaswaga. Kisha tukaisikia harufu ya udongo kabla ya kuyaona maji. Mengi yalishuka na mto. Yaliyobaki yaliingia mferejini, yakatoka mlangoni, yakajaza korongo ukingo hadi ukingo, na miti mizima ndani yake. Jiwe moja kubwa kama jiko la nje lilikuja likibingirika, likasimama mkabala na nyumba ya Kaanaeli. Yeye na mbuzi wake walikuwa juu ya ukingo wanalitazama. Maji yalipopungua akasema, "Haya, nimepata jirani. Huyu angalau hataazima chumvi."

Mvua zilipokatika, Mzee Ndewario alituita tupande masale mapya pande zote mbili za korongo. Nyie watoto wa mlimani mnajua, sale, mmea ule wa majani marefu, ni mpaka. Ukiliona, unajua shamba la fulani limeishia hapo, na kuling'oa ni kutafuta ugomvi wa ukoo. Nikamuuliza, "Baba, haya ni mpaka wa nani?"

"Wa maji," akasema. "Hapa katikati halitaingia jembe wala nyumba. Nayo yawe na shamba lao."

Baadaye mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, alinihamishia chini kugawa zamu. Huko nilikutana na ukame, na ukame una matusi kuliko mafuriko. Watu waliosali benchi moja walivunjiana majembe. Mwenyekiti aliniambia, "Wakikutukana wote sawasawa, ujue umegawa vizuri." Nilitukanwa sawasawa mpaka mabomba yalipoletwa na kamati ikavunjwa. Waliniaga kwa khanga na soda. Nikafikiri nimepumzika.

Sasa ngojeni, nimetoka kuangalia. Mlima bado hauonekani.

Mjukuu wangu Happy, muuguzi, amenunua kiwanja. Alinipeleka kunionyesha kama zawadi. Kiwanja kirefu, masale kulia na kushoto, na katikati jiwe. Akaniambia, "Bibi, hili jiwe silipasui, nitalizungushia maua."

Nikamwambia, "Mwanangu, hili jiwe nililiona likija."

Aliyemuuzia ni Godlisten, mjukuu wa Mzee Ndewario, anaishi Njiro. Hakumdanganya mtu. Alikuta masale ya babu yake pande mbili, akajua ni urithi wake. Nilipompigia simu alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Bibi, nakuheshimu, lakini babu angepandaje mipaka kwenye kitu kisicho chake?" Nikamrudia haya haya niliyoyaandika hapa.

Na banio halina mtu. Mbao za mlango zimeoza, mdomo wa mfereji uko wazi. Mto ukijaa leo hakuna wa kubomoa wala wa kuita. Utaingia wenyewe, ufuate njia ile ile, mpaka kwenye maua ya Happy.

Nimemsihi. Ameshachimba msingi, na mkopo wa kazini unakatwa kila mwezi, kwa hiyo simlaumu. Juzi alikaa nami jikoni akasema taratibu, "Bibi, wewe ni mmoja, na mtu anaweza kuchanganya korongo na korongo. Nitafutie mwingine aliyeona, hata mmoja. Akisema ni hapa, namwambia fundi asimame."

Mzee Ndewario tulimzika. Kaanaeli naye. Kuhusu Elisaria, nilisikia anaishi na wanawe huko Sombetini, masikio yamepungua ila akili ipo. Anayemfahamu amsomee haya kwa sauti.

Kama nimekosea jina, au nani alikuwa mtoto wa nani, nirekebisheni na nitashukuru. Kama nimekosea korongo, njooni mniambie upesi zaidi, nipige magoti na kulala usingizi. Ila kama sikukosea, Elisaria, njoo ulitazame hili jiwe pamoja nami kabla fundi hajamwaga zege.