Wazungu wa Mjomba Osmundi

Juzi nilikuwa kwa fundi simu pale Masasi mjini, nasubiri kioo cha simu yangu kibadilishwe, fundi akawasha redio ya zamani aliyokuwa anaitengeneza. Haikukamata stesheni yoyote. Ilitoa ule mchakacho tu, shhhh, kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya majani ya mikorosho. Wateja wenzangu wakamwambia azime, inawakera. Mimi nilimwomba aiache kidogo. Kwa watu wengi ile si sauti ya kitu chochote. Kwangu ndiyo sauti ya kaseti kabla wimbo haujaanza, na nikiisikia nakuwa tena mtoto wa shule ya msingi, nimekaa mkekani kwetu Lisekese, namtazama Mjomba Osmundi usoni kuona kama naye amesikia kinanda kinavyonyemelea.

Mjomba Osmundi alikuwa mdogo wake mama, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa mwalimu, na aliishi nasi katika chumba cha uani chenye mlango wake. Mali yake kubwa ilikuwa redio kaseti na kaseti za bendi moja ya Uingereza, alizoachiwa na mwalimu Mwingereza aliyemfundisha sekondari kisha akarudi kwao. Jina la bendi Mjomba alilijua na alilitamka kwa madaha, lakini ulimi wa mtu mwingine pale nyumbani haukuliweza. Kwa hiyo tuliwaita tu Wazungu wa Mjomba.

Sijui niwaelezeje muziki ule, ninyi ambao hamjausikia. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa kaseti. Ulianza na kinanda kama cha kanisani, ukasinzia, ukazinduka na magitaa yanayogombana, ukatulia tena, halafu ikaja filimbi nyembamba, peke yake, kama mtu anayepita njiani asubuhi bila kujua kuwa unamsikiliza. Kuucheza ulikuwa hauchezeki. Kila ulipodhani umeukamata mdundo, mguu wako ulibaki hewani.

"Mama Edita," jirani yetu Mama Salome alimwita mama kutoka upande wa pili wa ua, "mwambie mdogo wako aumalize huo wimbo. Hata msiba una siku ya kuanua matanga!"

Bibi alipotujia kutoka Chiungutwa na kikapu cha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, alikaa akausikiliza wote kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni. Ulipokwisha akasema, "Hawa wamepotea njia. Lakini wamepotea pamoja." Mjomba alicheka mpaka akatoa machozi. Alisema katika watu wote waliowahi kuusikia wimbo ule, Bibi peke yake ndiye aliyeuelewa.

Mimi nilikuwa mpenzi mwenzake wa muziki ule. Hakunilazimisha, nilianza kwa kukaa karibu naye kwa sababu nilimpenda, na muziki ukaniingia kidogo kidogo kama baridi ya asubuhi. Alinifundisha kuuhesabu kwa kupiga ndoo ya plastiki, saba badala ya nne, na nilipokosea alisimamisha kaseti, akairudisha, tukaanza upya. Alisema wapiga ngoma wa Newala wanayajua mambo haya tangu zamani, mmoja anashika njia, mwingine anamkatiza, wa tatu anawachokoza wote wawili. "Wazungu hawa wamegundua juzi tu," alisema. "Lakini wamejitahidi." Maneno ya wimbo alinitafsiria. Ni mtu anayetembea kwenye theluji akiutafuta mji aliozaliwa, na haupati. Theluji nilikuwa sijaiona, kwa hiyo nikamtembeza yule mtu juu ya unga wa muhogo ulioanikwa, akiacha nyayo.

Kisha kikohozi kikaja. Mjomba alishawahi kutibiwa kifua kikuu alipokuwa chuo cha ualimu, na sasa kilimrudia kwa nguvu. Safari hii vidonge peke yake havikutosha. Ikawa kila asubuhi anakwenda zahanati kuchomwa sindano, anatembea polepole na fimbo kama mzee, anarudi amejaa jasho. Mama alimpikia uji wa karanga akamsimamia mpaka amalize, kwa sababu wote tuliwajua watu waliokwenda na kikohozi cha namna ile. Alipoanza kunenepa, mama alikwenda kanisani kutoa shukrani. Wakati huo Mjomba alikuwa analalamika kuwa masikioni mwake kuna nyenje, wanalia mchana kutwa. Mama aliniambia nilipokuwa mtu mzima kwamba nesi hakumficha. Alimweleza kuwa dawa ile huweza kugusa masikio, akamwuliza kama anataka iachwe.

"Nikiiacha?"

"Utakufa, Mwalimu."

Kesho yake asubuhi akachukua fimbo, akaenda zahanati kama kawaida.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mama yuko shamba. Mjomba aliweka kaseti, tukakaa. Wimbo ulipofika katikati akakunja uso. Akausimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza, akasimamisha tena. Akatoa pamba na spiriti, akafungua kidirisha cha redio na kusafisha kile kichwa kinachosoma kaseti, kwa uangalifu, kama mtu anayemsafisha mtoto kidonda. Akawasha tena.

"Kaseti imekufa," alisema. "Filimbi imefutika."

"Hii hapa, Mjomba. Inalia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akaongeza sauti mpaka mwisho. Redio ikatetemeka juu ya stuli. Mama Salome akapiga kelele kutoka kwake, akauliza kama tumeingiwa na wazimu, na Mjomba hakugeuka. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Bado ipo?"

"Bado ipo, Mjomba. Nzuri tu."

Akazima, akakaa na mikono mapajani. Nami, nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba kaseti ilikuwa nzima.

Baada ya filimbi, ndege nao walitoweka masikioni mwake. Kisha sauti za watoto, na darasa la mwalimu ni sauti za watoto. Wanafunzi waligundua mapema kuliko walimu. Walimpitia uwanjani wakichezesha midomo bila kutoa sauti, "Shikamoo, Mwalimu," na yeye akawaitikia wote, "Marahaba, marahaba," nao wakakimbia wakicheka. Nilipigana na msichana mmoja kwa ajili hiyo, nikapigwa. Mwalimu mkuu alijaribu kumpa kazi ya stoo ya vitabu, lakini nayo haikudumu.

Tukasikia kuwa daktari wa masikio anakuja Newala kwa siku chache. Mama akatupeleka. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Mjomba alinisoma mdomo vizuri kuliko mtu yeyote. Gari lilipanda ile milima likiguna, na huko juu tukakuta ukungu na baridi, watu wamejifunika vitenge mpaka kichwani. Mjomba alikuwa amepakata redio yake ndani ya mfuko. Kengele na vyuma ambavyo madaktari hupimia masikio hakuviamini. Alitaka apimwe kwa wimbo anaoujua.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, mpole. Alipomaliza vipimo vyake aliruhusu. Niliweka kaseti penye filimbi, nikaongeza sauti. Watu waliokuwa kwenye foleni wakachungulia mlangoni. Daktari hakuitazama redio, alimtazama Mjomba usoni. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, macho amefumba, anasubiri. Filimbi ikalia mpaka ikaisha, magitaa yakaingia, na yeye bado anasubiri.

Daktari akachukua karatasi akaandika kwamba mishipa imekufa, haina dawa, na hata kifaa cha kuvaa sikioni hakitasaidia. Mjomba akasoma. "Asante sana, Daktari," alisema, kwa ile sauti kubwa bapa ambayo alianza kuwa nayo na ambayo hakuijua. Mama alijifunika kitenge usoni. Njiani kurudi, kama neno lingesemwa, ni wawili tu kati yetu ambao wangelisikia.

Hata hivyo tuliendelea kusikiliza. Mjomba aliweka kiganja juu ya redio, mimi nikampigia mdundo gotini kwa vidole, na yeye akafumba macho akataja kinachokuja. "Kinanda," alisema. "Sasa magitaa. Sasa filimbi." Mwanzoni alipatia kila kitu, nami niliona kama miujiza. Miezi ikapita. Akaanza kuwahi. "Filimbi," alisema, na filimbi ilikuwa bado mbali. Nilimgusa afumbue macho, nikatikisa kichwa. "Bado, Mjomba." Akasubiri. "Sasa?" "Bado." Alikunja uso kama mtu anayejipapasa mifukoni. Siku nyingine aliruka kipande kizima cha magitaa, nikamrudisha. Nilifanya kazi ile kwa uaminifu mkubwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwa kosa haliachwi lipite.

Siku moja, katikati ya wimbo, aliuondoa mkono wangu gotini kwake na kuzima redio.

"Chukua, Edita. Iwe yako, na kaseti zake."

Nilikimbia nayo ndani kabla hajabadili mawazo. Wiki hiyohiyo akahamia Chiungutwa kwa Bibi, kulima mikorosho.

Sasa nimempita umri aliokuwa nao wakati ule. Bado ni mpenzi wa bendi ile. Nadhani katika wilaya hii niko peke yangu. Wenyewe walishavunjika zamani, wakagombana, na mpiga filimbi amefariki. Nyimbo zao zote ziko kwenye simu yangu, safi, kila chombo kinasikika kama kimekaa chumbani. Nazisikiliza kwa hedifoni jioni ninaposahihisha madaftari. Nikisikia kitu kipya ndani ya wimbo wa zamani, nainua kichwa, na hakuna wa kumwambia.

Mwanzoni mwa msimu huu nilikwenda Chiungutwa. Bibi alishafariki. Mjomba alikuwa barazani anachambua korosho. Aliuona mdomo wangu, akaitikia, "Marahaba, mpwa wangu." Nikakaa chini. Baada ya muda nikachukua kijiti nikaandika mchangani: Unaukumbuka wimbo wetu?

Aliinama akasoma. Alisoma tena.

"Upi?" akauliza.

Hakuwa anatania. Nilimtazama macho nikaona kuwa anauliza kweli, na kwa upole, kama anayehofia kuniudhi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinipa redio. Miaka yote nilidhani aliichoka. Kumbe wimbo ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kichwani mwake, umeanza kupinda na kufupika, lakini ni wake, na ulikuwa unalia. Kila nilipomwambia "bado" niliona namshika mkono. Yeye aliona kipande kingine kinakwenda. Alizima ili abaki na kile kidogo. Nacho hakikubaki.

Nikafuta mchanga kwa kiganja. Nikanyoosha kidole kwenye korosho, nikamwuliza kwa mdomo, polepole, za mwaka huu zikoje.

"Mbaya," alisema, na sauti yake ikafika hadi barabarani. "Ukungu uliunguza maua."