Nilivyoiuliza Programu Vikundi Vyake

Asubuhi ile nilipanda Machame kutoka Moshi mjini, kompyuta mgongoni na majivuno ya kutosha kifuani. Ushirika mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ulikuwa umeniita. Programu niliyowatengenezea, ya kuwatumia wafugaji ujumbe wa simu gari la maziwa likichelewa, ilikuwa imenyamaza. Watu walisimama barabarani na madumu yao mvuani, wakisubiri gari lililopata pancha huko chini.

Katibu wa ushirika, mama wa umri wa mama yangu, aliitikia shikamoo yangu na kunionyesha kiti. Kosa nililiona mapema, maana lilikuwa langu: faili la namba za simu nililihamishia kwenye kikundi kipya, yaani orodha ya wanaoruhusiwa na kompyuta kulifungua, eti kwa usalama, na programu haikuwa na ruhusa ya kulisoma. Nikaiingiza programu kwenye kikundi hicho. Bado ikakataa. Nikalaumu umeme, nikalaumu mtandao, nikamuuliza katibu kama kuna mtu aliigusa kompyuta ya ofisi. Akasema yeye hata kuifuta vumbi anaogopa.

Basi nikaamua kuonyesha usomi. Kuna wito uitwao getgroups, ambao programu huutumia kuuliza mfumo endeshi: mimi nimo kwenye vikundi gani? Nikaandika kiprogramu cha kuuliza hivyo, nikakiendesha, kikundi kipya kikatokea. Nikatangaza kwamba ruhusa ipo, tatizo liko kwingine. Chai ilishapoa nilipokumbuka kwamba wito ule humjibu yule anayeuliza tu. Kiprogramu kile nilikiendesha kwa jina langu, nami nimo kikundini. Nilikuwa nimeuliza habari zangu mwenyewe, nikafurahia majibu.

Nikaliweka swali ndani ya programu yenyewe, nikaizima, nikaiwasha. Ikajibu kwamba imo kwenye kikundi kipya, na papo hapo simu ya katibu ikalia mkobani: gari limechelewa.

“Umeifanyaje, mwanangu?”

“Nimeiuliza imo kwenye vikundi gani, mama.”

“Ikapona kwa kuulizwa tu?”

Nikasema huwa inatokea, kwa sauti ya daktari bingwa. Akanifungashia chupa ya mtindi na ndizi za kupika.

Nikiwa nateremka ndipo akili ikanirudia. Programu hupewa vikundi vyake inapowashwa, na hubaki navyo hivyo hivyo mpaka izimwe. Kikundi nilichoiongezea ikiwa inaendelea na kazi haikuwa na habari nacho. Swali langu halikutibu kitu. Kilichotibu ni kuizima na kuiwasha. Nilifikiria kurudi kumweleza katibu, lakini mlima ni mkali na mtindi nilishaanza kuunywa.

Jioni nikampigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema vizuri, siku nyingine ataizima na kuiwasha mwenyewe, nisisumbuke kupanda. Nikamshukuru. Mke wangu, aliyekuwa akimenya ndizi, akauliza mbona uso wangu ni wa mtu aliyefukuzwa kazi.