Jezi Tuliyoizika

Dawa ya kuchua misuli, ile yenye kafuri inayochoma pua mpaka machozi yatoke, ilinikuta Jumamosi iliyopita katika sebule yangu mwenyewe hapa Oyugis. Mjukuu wangu Brayo alikuwa amejipaka gotini, amekaa anatazama Kenya na Uganda wakicheza raga kwenye televisheni. Nilifika mlangoni na kikombe cha chai nikashindwa kuingia. Kijana akadhani nimekasirikia harufu, akaanza kunipoza kwa kunisomea kutoka kwenye simu jinsi hizi nchi mbili zimekutana tangu enzi za Wazungu, nani alimpiga nani na wapi. Nikamwacha amalize. Mimi darasa la tatu ndilo lilinitosha, na duka la mbao na nyumba hii ya ghorofa nimevijenga kwa kichwa changu. Lakini historia ya mechi hizo sihitaji kusomewa. Kwetu ndiyo ilikuwa kalenda.

Nyumbani ni karibu na Kisegi, upande wa Suba. Baba yangu mdogo, Okeyo, alivuka kwenda Kampala akiwa kijana, akapata kazi ya gereji, na huko wakamwona yule mwili wake wakamfundisha raga. Alicheza vizuri mpaka wakamvalisha jezi ya nchi yao. Kwa hiyo elewa vizuri: sisi ni Wajaluo wa Kenya, tumezaliwa Kenya, na siku ya mechi boma letu lote lilikuwa la Uganda. Majirani walituita Waganda wa Kisegi. Ukienda kuteka maji, kama Uganda imepigwa, ulisindikizwa kwa kicheko mpaka mtungi ujae.

Mechi ilikuwa mwaka mmoja Kampala, mwaka mwingine Nairobi. Mwaka wa Nairobi, Baba Mdogo alikuja nyumbani baada ya mechi. Basi tuliita hivyo: mwaka wa Nairobi na mwaka wa Kampala. Mimi nilizaliwa mwaka wa Kampala. Ng'ombe mweusi wa Dani, nyanya yangu, alikufa mwaka wa Nairobi. Okeyo alifika amevimba masikio kama viazi, ananuka ile kafuri, na jioni alitupanga sisi watoto makundi mawili, tukashikana mabega, vichwa chini, tukasukumana kama ng'ombe kwenye mlango wa josho. Mpira ulikuwa boga. Dani alilalamikia boga lake, lakini hakutoka pale alipokaa.

Jambo moja ulijue. Mimi nilipewa jina la Dani. Kwetu mtoto akibeba jina la mtu, anabeba na heshima yake, kwa hiyo Okeyo, mwanamume mzima, aliniita mama. "Mama, umeamkaje? Mama, nipe maji." Sikuwa hata na meno ya mbele.

Mwaka mmoja wa Nairobi, hakuja. Mambo ya Uganda yalikuwa yamechafuka, askari barabarani, watu wanapotea. Ukapita mwaka wa Kampala, ukaja tena wa Nairobi, na radio haikutaja mechi yoyote. Kalenda yetu ilisimama. Mfanyabiashara mmoja wa samaki akaleta habari kwamba Okeyo alichukuliwa gereji akiwa na ovaroli yake, na kwamba waliochukuliwa siku ile walitupwa majini. Hakuona kwa macho. Alisikia.

Dani alikataa. Alisema hawezi kulia kwa kinywa cha muuza samaki.

Halafu mimi nikaugua. Joto, kutetemeka, na usingizini nikawa nazungumza kwa sauti nzito, naita watu wanisukume, washike mabega. Siikumbuki sauti hiyo, lakini namkumbuka mama yangu akikaa mbali na mkeka wangu, yeye aliyenizaa. Mzee Ogwang', ndugu mkubwa wa marehemu babu yangu, akaitwa. Akasikiliza, akasema Okeyo ana baridi, anataka kwao, na asipolazwa kaburini atamchukua huyu mwenye jina la mama yake.

Sasa, mtu wetu akifia mahali mwili haupatikani, hatumwachi hivyo. Tunatafuta yago, tunda la mwegea, refu na zito kama mguu wa mtu, tunalizika badala yake. Linaliliwa kama mtu. Linapewa kaburi kama mtu. Dani alikubali kwa sababu yangu. Alitoa jezi ambayo Okeyo aliiacha safari yake ya mwisho, jezi nzito yenye kola nyeupe, akalivalisha lile tunda kwa mikono yake, akafunga vifungo mpaka juu. Walinibeba kwenye blanketi nione. Nililiona limelala, mikono ya jezi imekunjwa kifuani, na pale shingo inapotokea hapakuwa na kitu.

Kesho yake asubuhi niliamka nimepona, nikaomba uji. Wewe nieleze hiyo, maana mwenye jezi alikuwa hai.

Mvua zilikuja zikaenda. Siku moja, jua la saa sita limesimama juu kabisa, nilitumwa kumtoa ndama kwenye ua wa mnyaa. Kuku walikuwa kimya. Hata mbwa wetu alikuwa amelala kifudifudi anatazama lango, masikio chini, habweki. Nikasikia kutoka ng'ambo ya ua, taratibu kabisa:

"Mama. Nipe maji."

Kati ya matawi niliona sikio. Lile la kiazi. Chini yake shingo nyembamba ambayo haikuwa yake, na miguu myeupe kwa vumbi. Hakunuka kafuri. Alinuka ng'ombe, kwa sababu, kama tulivyojua baadaye, alikuwa ametorokea upande wa Tanzania, akaingilia Migori, akafuata wafugaji wanaorudi kutoka soko la Ogwedhi mpaka akajua njia. Mimi hayo sikuyajua. Nilijua kaburi lake liko nyuma ya mgongo wangu na majani yameshaota juu yake. Sikupiga kelele. Nilijikojolea, nikatembea, sikukimbia, mpaka kwa Dani, nikamwambia yule tuliyemzika anaomba maji.

Watu wakajaa langoni, kila mtu upande wa ndani. Yeye alisimama nje. Alipotaka kuinua mguu, Mzee Ogwang' akaweka fimbo yake chini, akachora nayo mstari kwenye vumbi, na Okeyo akaurudisha mguu. Alizaliwa hapo, alijua maana yake. Mzee akatueleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuza mbuzi, kwamba huenda ni Okeyo na huenda ni kitu kilichovaa Okeyo. Na hata kama ni yeye, ni vibaya zaidi. Kaburi limeshafunguliwa kwa jina lake. Akiingia hai, kaburi litabaki tupu, na kaburi tupu halikai. Litadai mtu wa boma hili. Akashauri apewe chakula na aende kwingine. Watu wakanitazama mimi. Hata mama yangu alinitazama, akanivuta nyuma ya sketi yake.

Dani akasogea mpaka kwenye ule mstari.

"Wewe ni nani?"

"Ni Okeyo."

"Okeyo nilimzika."

"Ulizika nini, mama?"

"Jezi yako. Ile ya kola nyeupe."

"Afadhali hiyo," akasema. "Ndiyo niliyovaa Nairobi, siku Kenya walitupiga tukashindwa hata kupanda basi."

Hakuna aliyecheka. Lakini mabega ya Dani yalishuka, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Alipinda mguu, akaufuta ule mstari kwa unyayo. Mzee Ogwang' akamuuliza, sasa nani atalala pale. Dani akajibu polepole, kama anayeagiza kazi ya shamba, "Pale hapatakaa bure. Hiyo niachie." Kisha akashika gogo la lango kwa mkono mmoja, akalisukuma wazi, na mtoto wake akapita chini ya mkono huo.

Mimi nilidhani anataka kupanda mboga.

Maana tangu siku hiyo alipashughulikia. Alipalilia, alifagia, mchana alikaa hapo na kazi yake ya kuchambua mtama. Okeyo alinenepa, akaoa, hakugusa mpira tena. Mimi sikuugua hata mafua. Na kabla mtama uliofuata haujakomaa, Dani alilala mchana akiwa mzima na hakuamka. Alikuwa amemwagiza Okeyo jambo moja: asizikwe kando ya nyumba yake, panapozikwa mwanamke mwenye boma, bali pale tulipoizika jezi. Wazee walipinga. Ni mwiko. Okeyo alichukua jembe akaanza kuchimba peke yake, analia, mpaka wakaona aibu wakamsaidia.

Walipofika chini, mbegu za yago zilikuwa zimeota gizani. Mizizi myeupe, minene kama vidole, ilikuwa imetoka kwenye mkono mmoja wa jezi, imeshika udongo. Ilibidi waikate.

Brayo aliniuliza Jumamosi ile kama naumwa. Nilimwambia aniambie matokeo tu. Sikumweleza kwamba kwa miaka mingi, nikiota lile lango, niliogopa aliyekuwa nje. Mpaka nimekuwa mwanamke mzee mwenye watoto, wawili niliwahi kuwangoja warudi kutoka mbali, ndipo nilipomwelewa yule aliyesimama ndani. Aliona watu wananitazama mimi. Alihesabu haraka, mtoto wake huku, mjukuu wake huku, na katikati akabaki mtu mmoja, yeye mwenyewe. Ndipo akalisukuma gogo.