Josephati, Mtunza Kinusa

Josephati wa Endamarariek alikabidhiwa mashine kwa sababu mbili: alikuwa amemaliza darasa la saba, na alikuwa mwoga. Mwaka 1983 mradi wa maji ulikuwa ukichimba visima virefu, na kule chini hewa mbaya hujikusanya bila rangi wala harufu. Mashine hiyo, ambayo wachimbaji waliiita Kinusa, ilishushwa kwanza kwa kamba. Ikilia, hashuki mtu. Ikinyamaza, Patrisi, mdogo wake Josephati, hujifunga kamba kiunoni na kushuka akipiga mluzi.

Betri ya Kinusa ilikuwa ya kuchaji, na masharti Josephati aliyajua kama Baba Yetu: zima mashine kwanza, usichaji karibu na kisima wala petroli, timiza saa kumi na nne. Jenereta ya parokia ilizimwa kila jioni, kwa hiyo kuchaji kulichukua siku mbili. Banda la jenereta lilijaa madumu ya petroli, basi Alhamisi akaipeleka mashine kwenye chumba cha vitambaa vya altare. Wenzake wakamcheka, "Mlezi huyo, kapeleka mtoto kubatizwa!" Lakini jamani, alikuwa sahihi. Hewa ya mle ilikuwa safi. Soketi tu ndiyo ilikuwa moja.

Jumamosi asubuhi aliukuta waya umechomekwa, akaichukua mashine. Palikuwa na mshale wa kuonyesha nguvu ya betri. Hakuutazama. Patrisi alikuwa akimwita kwa kelele, maana kesho yake ndoa yake ingetangazwa kanisani na alitaka kazi iishe mapema.

Kinusa kikashushwa, kikanyamaza.

"Shwari, kaka?"

"Shwari. Shuka."

Mluzi ulikatika kabla kamba haijafika nusu. Walipokivuta Kinusa juu, mshale ulikuwa umelala. Kilizimika kabla ya Patrisi.

"Wewe ndiye uliyesema shuka," mama yao, Cresensia, alimwambia mbele ya waombolezaji. Tangu hapo hakumwita mwanangu tena.

Siku ya tatu ya msiba Josephati alikuwa akipasua kuni, akamsikia mama akiwasimulia wanawake, "Shati lake la kutangaziwa ndoa nilishalinyoosha. Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya vitambaa vya altare. Nikachomoa ule waya wa mashine, nikapiga pasi kutwa, nikaurudisha vizuri."

Wanawake walilia naye. Josephati alisimama na shoka mkononi. Sentensi moja tu ingemtua nusu ya mzigo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye hakuweza kumwongezea mama uchungu wa pili. Akaimeza.

Miaka sita watu walimnong'ona kanisani kuwa ameua ndugu yake. Iliuma, tena iliuma kila Jumapili. Shikamoo yake, mama aliiitikia kama ya mgeni.

Mwaka 1989, alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, Cresensia alimwita.

"Josephati, mwanangu. Nimeomba sana Mungu anipe moyo. Leo nimeupata. Nimekusamehe kifo cha mdogo wako."

Josephati alipiga magoti, akaushika mkono wake.

"Asante, mama," alisema. "Asante sana."